Milipuko ya Mionzi ya Gamma: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Mtwara

Nafundisha hisabati mjini Mtwara. Jumamosi jioni, anga likiwa safi, hukaa na wanafunzi ufukweni Shangani tukatazama nyota na kupiga hesabu. Wazazi hufika, na wavuvi wanaosubiri maji husogea kusikiliza. Mada inayowakamata kuliko zote ni milipuko ya mionzi ya gamma, na nimejikuta narudia majibu yale yale kila mwezi. Nimeyaandika hapa, na maswali nimeyaacha karibu na yalivyoulizwa.

Shikamoo mwalimu. Huo mlipuko wa mionzi ya gamma ni kitu gani hasa?

Marahaba. Nuru tunayoiona kwa macho ni kipande kidogo cha ukoo mkubwa. Upande mmoja kuna mawimbi ya redio. Upande wa pili, kwenye nguvu nyingi, kuna eksirei wanazopigia picha ya mfupa hospitalini, na mbele yake kuna mionzi ya gamma. Sasa, mara kwa mara sehemu moja ya anga hutoa mionzi hiyo ghafla na kwa wingi hata ikazidi vyanzo vingine vyote vya gamma vya angani vikijumlishwa pamoja. Hali hiyo hudumu chini ya sekunde moja, au sekunde kadhaa, au dakika chache, kisha kimya. Hewa ya Dunia huimeza mionzi hiyo yote kabla haijafika chini, ndiyo maana inapimwa na satelaiti.

Kila mlipuko huitwa kwa tarehe yake. GRB 970228 ni wa tarehe 28 Februari 1997 (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa mionzi ya gamma). Herufi ya mwisho, kama katika GRB 170817A, huonyesha ulikuwa wa ngapi siku hiyo.

Una uhusiano wowote na gesi yetu ya Mnazi Bay?

Hauna. Gamma ni jina la herufi ya Kigiriki tu. Gesi ya Mnazi Bay huungua kwa kukutana na hewa, na nguvu za mlipuko wa gamma hutoka kwenye kuanguka kwa nyota nzima.

Nani aliyegundua?

Watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Mwaka 1963 mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa kutolipua mabomu ya nyuklia hewani, baharini na angani. Marekani ikarusha satelaiti zilizoitwa Vela, kuchunguza kama kuna anayevunja mkataba huo kwa siri. Tarehe 2 Julai 1967 zikanasa mmweko wa gamma ambao haukufanana na wa bomu.

Ray Klebesadel, Ian Strong na Roy Olson wa maabara ya Los Alamos waliendelea kupekua rekodi, na mwaka 1973 wakatangaza milipuko 16. Upande ilikotoka waliutambua kwa tofauti ya muda. Ngoma ikipigwa, aliye karibu nayo huisikia kabla ya aliye mbali. Vivyo hivyo satelaiti iliyoelekea upande wa mlipuko hupokea mionzi mapema kidogo kuliko mwenzake. Hesabu ikaonyesha kwamba haikutoka kwenye Jua wala hapa duniani, na zaidi ya hapo hawakuweza kusema. Kwa zaidi ya miaka ishirini iliyofuata watu walijua milipuko ipo bila kujua kama iko jirani au mwisho wa ulimwengu. Lililoanza kufungua fumbo hilo ni kuhesabu, na ndiyo sababu mwalimu wa hisabati ameshikwa na habari hii.

Kwa siku inatokea mingapi? Na mbona kuna siku hakuna na siku nyingine inafuatana?

Satelaiti ya Compton ilirushwa Aprili 1991 ikiwa na kifaa kiitwacho BATSE, vipokezi vinane vilivyowekwa kwenye pembe zake ili vitazame pande zote. Hadi satelaiti hiyo iliposhushwa baharini Juni 2000, BATSE ilikuwa imehesabu milipuko 2,704. Gawanya kwa siku za miaka tisa utapata karibu 0.8 kwa siku. Kumbuka Dunia yenyewe huziba sehemu kubwa ya anga mbele ya satelaiti inayoizunguka kwa karibu, na vifaa navyo hupumzika, kwa hiyo anga lote lina mingi zaidi ya hiyo.

Sehemu ya pili ya swali naipenda zaidi. Aliyeniuliza alidhani milipuko ikifuatana siku moja basi lazima mmoja umeusababisha mwingine. Tuseme wastani ni mmoja kwa siku, na kila mlipuko huja bila kujali mwingine umekuja lini. Kanuni ya Poisson inatuambia kwamba nafasi ya siku kupita bila mlipuko wowote ni asilimia 37. Nafasi ya kupata mmoja tu ni asilimia 37 vilevile. Nafasi ya miwili ni 18, na ya mitatu au zaidi ni 8. Kwa mwaka mzima hizo ni siku 134 hivi bila kitu, 134 zenye mmoja, 67 zenye miwili, na karibu siku 30 zenye mitatu na kuendelea.

Maana yake, bahati tupu huwa na mafungu. Angalia mabibo yanavyoanguka chini ya mkorosho: hayakai kwa nafasi sawa kama vigae, yanalundikana hapa na kuacha wazi pale, na hakuna aliyeyapanga. Mtu akikuonyesha orodha ya matukio yaliyoachana sawasawa kabisa, hapo ndipo uulize nani kayapanga. Mwanafunzi akishaelewa hili, nusu ya takwimu za milipuko ya gamma iko mikononi mwake.

Walijuaje kwamba haitoki ndani ya Njia ya Maziwa, wakati hawakuweza kupima umbali?

Hili ndilo swali kubwa, nalo lina majibu mawili yanayosaidiana.

La kwanza ni mwelekeo. Njia ya Maziwa, galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo Jua limo, ni bapa, nasi hatuko katikati yake. Tuko umbali wa karibu miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovuni (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Ndiyo maana usiku wa giza, ukiwa Msimbati mbali na taa za mji, unaiona kama ukanda unaokatiza anga, na upande wa kitovu umenona zaidi. Kama milipuko ingetoka kwenye nyota za galaksi hii, ramani yake ingekuwa na ukanda huo huo. Kabla ya 1991 wataalamu wengi waliamini hivyo, kwamba ni nyota za nyutroni za jirani, yaani masalia madogo na mazito mno ya nyota kubwa zilizokufa. Timu ya BATSE ikachapisha mwaka 1992 ramani ya milipuko 153 ya mwanzo. Ukanda haukuwepo. Nukta zilitapakaa anga zima sawasawa, na mingine 2,500 iliyofuata haikubadilisha picha hiyo.

La pili ni mng'aro, na hapa nawaelekeza watu baharini. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako nje na karabai zao. Karabai ya mbali huonekana hafifu, na umbali ukizidi mara 10, mng'aro hupungua mara 100. Tuseme madau yametapakaa sawasawa juu ya bahari isiyo na mwisho. Unahesabu taa zinazong'aa kuzidi kiwango fulani. Kisha unapata darubini inayoona taa hafifu mara 100 zaidi. Sasa unaona mbali mara 10, eneo la bahari linakuwa mara 100, na taa utakazohesabu zinakuwa mara 100. Angani hakuna uso bapa, kuna nafasi ya juu, chini na pembeni. Kuona mbali mara 10 ni kupata ujazo mara 1,000, kwa hiyo milipuko hafifu inapaswa kuongezeka mara 1,000. Ukiichora kwa logaritimu unapata mstari ulionyooka wenye mteremko wa 3 kwa 2.

Milipuko inayong'aa sana iliufuata mstari huo vizuri. Hafifu ilikataa. Ilikuwa michache kuliko hesabu ilivyodai, na kadiri ulivyoenda kwenye hafifu zaidi ndivyo upungufu ulivyokua. Ni kama mtu anayehesabu karabai akagundua kwamba baada ya umbali fulani madau yanapungua. Anauona ukingo.

Unganisha yote mawili. Ukisimama shambani, kila upande mikorosho ni sawa kwa idadi, na kila upande inapungua ukitazama mbali, basi umesimama katikati ya shamba. Katikati ya nini? Katikati ya Njia ya Maziwa hatupo. Ikabaki kwamba tuko katikati ya kile tunachoweza kuona cha ulimwengu mzima, kama ambavyo mtu yeyote, popote alipo, yuko katikati ya upeo wake wa macho.

Kwa hiyo wote walikubali?

La. Tarehe 22 Aprili 1995 pale Washington ulifanyika mdahalo wa hadhara, Martin Rees akiuongoza. Bohdan Paczyński alitetea kwamba milipuko iko mbali, kati ya galaksi. Donald Lamb akatetea kwamba inatoka kwenye nyota za nyutroni zilizotupwa nje na kuizunguka galaksi yetu kama wingu kubwa, kubwa kiasi kwamba kutokuwa kwetu katikati hakungeonekana. Nawaambia wanafunzi wasimdharau Lamb. Takwimu peke yake hazikuwa zimemfungia mlango, na hoja yake ilikuwa ya haki.

Mlango ulifungwa mwaka 1997, tena kwa msaada wa pwani yetu. Satelaiti ya Waitaliano na Waholanzi, BeppoSAX, ilizunguka karibu na ikweta, na kila mzunguko ilishusha data zake kwenye kituo cha ardhini cha Malindi, Kenya. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko, na kwa mara ya kwanza kamera yake ya eksirei ikaona masalia yakififia mahali pale pale, kama kaa linaloendelea kuwaka baada ya moto kuzimwa. Darubini za kawaida zikaelekezwa huko. Mei ya mwaka huo huo masalia ya mlipuko mwingine, GRB 970508, yalipimwa kwa darubini ya Keck huko Hawaii, na nuru yake ilikuwa imesafiri miaka bilioni kadhaa. Paczyński alikuwa sahihi.

Kituo hicho cha Malindi kilipokea pia data za Swift, satelaiti nyingine inayowinda milipuko hii. Na baharini hapo hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani. Waliipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kila nikilisimulia hili ufukweni naona vijana wanakaa vizuri.

Urefu wa mlipuko unapimwaje, maana mwanzo na mwisho wake haujulikani?

Umeuliza kama mtaalamu. Mvua inaanza lini? Tone la kwanza? Na rasharasha za mwisho zikidumu saa nzima, tuseme mvua imenyesha saa nzima? Wataalamu wameamua hivi: jumlisha mionzi yote iliyopokelewa, acha asilimia 5 ya mwanzo na asilimia 5 ya mwisho, kisha pima muda uliobeba asilimia 90 ya katikati. Kipimo hicho huitwa T90.

Kasoro yake ni kwamba mkia hafifu wa mlipuko wa mbali huzama kwenye kelele za chombo, kwa hiyo mlipuko mrefu wa mbali unaweza kuonekana mfupi kuliko ulivyo.

Kwa nini wanasema yako makundi mawili?

Kwa sababu ukichora histogramu ya T90 unapata nundu mbili. Mwaka 1993 Chryssa Kouveliotou na wenzake walionyesha hivyo kwa data za BATSE: kundi la mifupi, ambayo mingi iko kwenye sehemu ndogo za sekunde, na kundi la mirefu, ambayo kwa kawaida ni sekunde makumi. Kati yake kuna bonde karibu na sekunde 2. Mifupi pia huwa na mionzi mikali zaidi, jambo lililotia nguvu kwamba ni jamii mbili tofauti.

Lazima uichore kwa logaritimu. Milipuko huanzia sehemu ndogo za sekunde hadi mamia ya sekunde, na kwenye rula ya kawaida yote mifupi itabanana mstari mmoja mwanzoni usiione.

Nilipoanza mwenyewe kushika data hizi nilikosea jambo ambalo wanafunzi hulikosea hadi leo. Nilijumlisha T90 zote nikagawa, nikapata wastani, nikaueleza darasa kwamba huo ndio mlipuko wa kawaida. Wastani ule ulikuwa umevutwa na milipuko michache mirefu sana, tena ulichanganya jamii mbili. Ni sawa na kupima samaki wote wa kapu moja, dagaa na jodari pamoja, kisha utangaze urefu wa samaki wa kawaida. Hakuna samaki wa urefu ule kapuni. Anza kwa kuchora, wastani utafuata.

Makundi hayo sasa yana maelezo. Mirefu mingi hutokana na nyota kubwa sana inayoishiwa nishati, moyo wake ukaporomoka, kwa kawaida ukawa shimo jeusi. Ushahidi ulianza na GRB 980425, uliotokea mahali pamoja na supanova (mlipuko wa nyota inayokufa) SN 1998bw, ukakamilika na GRB 030329. Mifupi mingi hutokana na nyota mbili za nyutroni zinazozungukana hadi zikagongana. Hilo lilithibitika tarehe 17 Agosti 2017. Mitambo ya ardhini ilihisi mawimbi ya mvutano ya mgongano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, na sekunde 1.7 baadaye satelaiti ya Fermi ikanasa mlipuko mfupi wa gamma kutoka upande huo huo.

Nimesoma kuna kundi la tatu. Ni kweli?

Mwaka 1998 tafiti mbili, kila moja kwa njia yake, zilisema data za BATSE zinaelezeka vizuri zaidi kwa makundi matatu, la tatu likiwa katikati. Maoni yangu: sijashawishika. Ukiongeza nundu kwenye hesabu, hesabu itazikaa data vizuri zaidi sikuzote, hata kama nundu haipo. Ukitumia nundu 20 utazikaa kikamilifu na hutakuwa umejifunza kitu. Nundu za milipuko si lazima ziwe na pande zinazolingana, na nundu moja iliyopinda inaweza kuonekana kama mbili. Kundi la mifupi na la mirefu tunayaamini kwa sababu kila moja limepata chanzo chake kinachoonekana. La tatu halijapata.

Je, ule mpaka wa sekunde 2 ni sheria?

Si sheria, ni bonde kati ya vilima viwili, na vilima vinaingiliana. GRB 200826A ulidumu karibu sekunde moja, lakini dalili zake ni za nyota iliyoporomoka. GRB 211211A uliendelea karibu dakika nzima, tena ukaacha mwanga mwekundu unaofifia haraka ambao ni alama ya nyota za nyutroni zilizogongana. GRB 230307A ukafanya vivyo hivyo. Kwa mlipuko mmoja mmoja, T90 inakupa uwezekano wa kundi. Hukumu inahitaji ushahidi mwingine.

Mbona BATSE inasema robo ni mifupi, na Swift inasema ni kama moja ya kumi?

Swali hili alilijibu mvuvi kabla yangu. Aliniambia, "Mwalimu, si kila mmoja ana wavu wake?"

Ndiyo hivyo hasa. Jarife lenye matundu makubwa halileti dagaa, na mwenye jarife akisema bahari haina dagaa tutamwonyesha matundu yake. Mifupi ina mionzi mikali. BATSE iliona mionzi hiyo vizuri. Swift, iliyorushwa Novemba 2004, imetegwa kwenye mionzi laini zaidi na huweza kukusanya mwanga kwa muda mrefu kidogo kabla ya kuamua, kwa hiyo inapendelea mirefu na hafifu. Anga ni lile lile. Kabla ya kuuliza data zinasema nini, uliza zilivuliwa na wavu gani. Nimeona makala nyingi mitandaoni zikichanganya orodha za vyombo vitatu na kuchora histogramu moja, na hilo linanisikitisha, kwa sababu nundu zinazotoka humo ni za matundu ya nyavu.

Iko mbali kiasi gani?

Ule wa 17 Agosti 2017 ni jirani sana kwa kipimo cha milipuko hii. Nuru yake ilisafiri karibu miaka milioni 130 kutoka galaksi ya NGC 4993. Watu wa Lindi nawapimia kwa Tendaguru. Mijusi mikubwa iliyochimbwa pale kuanzia 1909 hadi 1913, ambayo mifupa ya mmoja wao imesimamishwa Berlin, iliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Nuru ile ilipoanza safari, mijusi ya Tendaguru ilikuwa tayari chini ya udongo wa Lindi kwa miaka kama milioni 20.

Mwingine ni GRB 090423. Ulitokea ulimwengu ukiwa na miaka milioni 630 hivi tu, na nuru yake imesafiri miaka takriban bilioni 13. Njiani ulimwengu umepanuka mara 9.2, na kila kitu kilichobebwa na nuru hiyo kimevutika kwa kiasi hicho, muda nao. Sisi tuliupima sekunde 10 hivi. Aliyekuwa karibu nao angeupima zaidi kidogo ya sekunde moja. Je, ni mrefu au mfupi? Hili huwa nalitoa kama zoezi, na mabishano yake hayaishi.

Nguvu yake ni ya kiasi gani?

Katika sekunde chache mlipuko mmoja unaweza kutoa nishati inayolingana na itakayotolewa na Jua katika uhai wake wote wa miaka bilioni 10. Ukidhani unaangaza pande zote, milipuko mingine hutoa zaidi ya hapo mara nyingi mno. Lakini hauangazi pande zote. Nishati hutoka kama miali miwili myembamba ya kurunzi, mmoja huku na mmoja kule. Kama kila mwali umetanuka nyuzi 5 kutoka katikati yake, unafunika sehemu ndogo tu ya anga, na hesabu ya jiometri inasema kati ya milipuko kama 260 ni mmoja tu utakaotuelekea. Mingine yote inatokea na hatuioni. Idadi tunayoihesabu ni ya kurunzi zilizotumulika usoni.

Ule wa 2022 walisema hutokea mara moja kwa miaka 10,000. Wamejuaje, na vyombo vina miaka hamsini tu?

GRB 221009A, tarehe 9 Oktoba 2022. Ulikuwa mkali hata vipokezi vya Fermi vikazidiwa, na ukatikisa tabaka la juu la hewa ya Dunia lenye chaji za umeme, ingawa nuru yake ilikuwa imesafiri karibu miaka bilioni 1.9.

Miaka 10,000 imetokana na ule mstari wa mteremko wa 3 kwa 2. Unachora milipuko yote tunayoijua kwa ukali wake, unaurefusha mstari upande wa mikali zaidi, na unasoma ni mara ngapi mlipuko wa ukali ule unategemewa kuja. Hakuna aliyekaa miaka 10,000 akihesabu.

Haimaanishi pia kwamba tumemaliza zamu hadi mwaka 12022. Milipuko haina kumbukumbu, na mwingine unaweza kuja kesho. Kinachosemwa ni kwamba nafasi ya kuupata katika mwaka wowote ni moja kwa 10,000. Tangu 1967 hadi 2022 ni miaka 55, kwa hiyo nafasi ya kuushuhudia katika muda huo ilikuwa karibu nusu ya asilimia moja. Wapo wanaosema tulikuwa na bahati, wapo wanaoshuku kwamba mstari haufai kurefushwa kiasi hicho. Mimi nadhani tulikuwa na bahati, lakini kwa tukio moja siwezi kumbishia mwenye shaka.

Na ule ukuta mkubwa wa galaksi uliogunduliwa kwa milipuko?

Watafiti walichukua milipuko 283 yenye umbali unaojulikana, wakaona kwamba kati ya 31 iliyo katika tabaka moja la umbali, karibu nusu imelundikana upande mmoja wa anga. Wakapendekeza kuna muundo wa mabilioni ya miaka ya nuru. Rudi kwenye mabibo chini ya mkorosho. Nukta 31 ni chache, na anga halipekuliwi sawasawa kila upande na darubini zinazopima umbali. Wengine wamelirudia zoezi na hawakuona sababu ya kulitangaza. Nalihesabu kama dai linalosubiri data zaidi.

Mlipuko unaweza kurudia mahali pale pale?

Hii ya kweli hairudii, kwa sababu kinacholipuka kinaangamia. Kuna jamii nyingine inayofanana nayo na inayorudia. Hiyo hutoka kwenye nyota za nyutroni zenye sumaku kali kupita kiasi. Tarehe 5 Machi 1979 mmoja wa aina hiyo uliangaza kutoka Wingu Kubwa la Magellan. Wingu hilo tunaliona kwa macho kutoka Mtwara, jioni za Desemba hadi Februari kwenye anga la kusini, mawingu ya mvua yakiruhusu. Watu wa Ulaya hawalioni kabisa.

Mwalimu, mwanangu ameogopa. Unaweza kutuua?

Mwambie alale. Ingehitajika mlipuko utokee ndani ya galaksi yetu, karibu, na mwali wake utuelekee sisi hasa. Kuna wataalamu waliopendekeza kwamba jambo kama hilo lilichangia kufa kwa viumbe vya baharini miaka kama milioni 445 iliyopita, kwa kuharibu ozoni. Ni pendekezo, halijathibitishwa. Tena milipuko mirefu hupendelea galaksi ndogo zenye metali kidogo (wanajimu huita hivyo elementi zote nzito kuliko heliamu), na yetu si ya namna hiyo.

Niliona mwanga mkubwa ukikatiza juu ya bahari Mikindani. Ulikuwa huo?

Ulikuwa kimondo. Mlipuko wa gamma haukatizi anga. Uliowahi kuweza kuonekana kwa macho ni ule wa 19 Machi 2008, GRB 080319B, tena kama nukta hafifu iliyotulia kwa muda mfupi tu, katika anga lenye giza kamili.

Tunaweza kufanya hesabu hizi wenyewe, bila maabara?

Mnaweza, kwa simu na karatasi ya miraba. Orodha ya milipuko ya Fermi iko wazi bila malipo kwenye hifadhi ya NASA iitwayo HEASARC, na kila mlipuko una safu yake ya T90. Hivi ndivyo tunavyofanya: kila mwanafunzi anachukua milipuko 50 inayofuatana bila kuchagua. Kuchagua ile inayopendeza ndiyo njia ya haraka ya kuharibu kazi. Anatafuta logaritimu ya kila T90 kwa jedwali la kidato cha pili, anaipanga kwenye makundi ya upana wa 0.25, anachora nguzo.

Kwa 50 peke yake nundu fupi mara nyingi haionekani, maana mifupi kwenye orodha ya Fermi ni kama mmoja kwa sita. Mwanafunzi mmoja ataona mitano, mwenzake kumi na mmoja, nao wataanza kushutumiana nani kakosea. Waache kidogo wabishane. Kisha bandika karatasi zote ukutani, jumlisheni nguzo, na wanafunzi 20 wakishafikisha milipuko 1,000 bonde la karibu na sekunde 2 litajitokeza mbele ya macho yao. Msimu uliopita binti mmoja alisimama mbele ya ukuta huo akauliza kama bonde lingekuwa mahali pale pale tungetumia orodha ya Swift. Jumamosi ijayo tunaanza na orodha hiyo, saa 12 jioni. Atakayekuja abebe penseli na rula.